Makohozi ya mume wangu, mbona majibu yanachelewa?

SWALI: Shikamoo mzee wa maabara. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ametimiza miezi miwili ya dawa za kifua kikuu. Mwanzoni mashine ilitoa majibu siku ileile. Juzi makohozi bado yana vimelea, nao wanasema yataoteshwa, tusubiri wiki kadhaa. Kwa nini? Jirani anashauri tuongeze sipro ya dukani. – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sipro hiyo iacheni dukani. Ni ndugu wa levofloksasini, dawa tunayoitegemea kifua kikuu kinapokuwa sugu. Ukimpa leo kwa kubahatisha, unawafundisha vimelea kuizoea.

Mashine husoma vinasaba. Ndani ya saa mbili inasema kama kimelea kipo na kama rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, itamshinda. Inaweza kurudiwa kuangalia usugu huo, ila haitofautishi kimelea hai na maiti, na kifua cha aliyekunywa dawa miezi miwili hutoa maiti nyingi. Aliye hai tunamjua kwa kumlisha.

Chakula chake ni mayai ya kuku, tunayachanganya na rangi ya kijani na kuyagandisha ndani ya chupa. Chupa moja haina dawa, nyingine zina dawa. Kimelea hiki hujigawa mara moja tu kwa karibu siku nzima, ndiyo maana mnangoja. Nimezifungua chupa hizo miaka mingi, na bado moyo hunidunda nikiona vile vidoa vya manjano vya vimelea, kama makombo ya mkate, vimeota penye dawa. Vikizidi 1 kwa kila 100 ya vile vya chupa isiyo na dawa, dawa hiyo imeshindwa.

Sasa muulize kwa upole: siku za giza, akilala ziwani, vidonge alibeba? Aseme ukweli kituoni, hatagombezwa. Dawa alizopewa asizikatishe akingoja. Wakiomba sampuli nyingine, aikohoe alfajiri kutoka kifuani, nje ya nyumba. Mate matupu yatawapotezea wiki zote hizo.

Ikithibitika ni usugu, tiba ipo, bila malipo, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchanganyiko wa vidonge wa miezi 6, bila sindano. Nawe wapeleke watoto wote wawili wakapimwe wiki hii, hata kama hawakohoi.