Maswali ya Wasomaji: Ng'ambo Ilijengwa na Nani?

SWALI: Assalaamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na nimezaliwa Kikwajuni, katika Ng'ambo ya mji wa Zanzibar. Kila inapozungumzwa historia ya mji wetu, wageni hupelekwa kwenye milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, na sisi wa Ng'ambo huambiwa kuwa kwetu yalikuwa makazi ya watumwa tu. Je, ni kweli? (Msomaji, Kikwajuni)

JIBU: Waalaykum salaam. Ng'ambo walikaa watumwa, walikaa mahuru, na walikaa watu ambao hawakupata kumilikiwa na mtu, mara nyingi katika mtaa mmoja. Katika karne ya 19 mtumwa wa mjini hakulazimika kulala kwa bwana wake. Wengi walikuwa mahamali, mafundi na vibarua, wakitoa sehemu ya ujira wao kwa bwana na kubakiwa na kiasi chao, na wako waliojijengea nyumba za miti na udongo Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha na Mji Mkongwe, kabla ya sheria yoyote kuwapa uhuru. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza, lakini hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897, na masuria walisubiri hadi 1909. Baada ya hapo waliotoka katika mashamba ya karafuu waliingia mjini kwa wingi, na Ng'ambo ndiko walikopata nafasi.

Hao hawakuwa peke yao. Walikuwapo Wanyamwezi na Wamanyema waliofika na misafara ya pembe za ndovu, Wazaramo, Wayao na Wanyasa kutoka bara, Wangazija kutoka Komoro, Washihiri kutoka Hadhramaut waliofanya kazi za uchukuzi, Wahindi wenye maduka ya rejareja, na Wahadimu walioacha vijiji vyao vya kusini na mashariki ya kisiwa. Kwa maoni yangu, ukitaka kuelewa watu hawa waliungana vipi, usianze na makabila yao, anza na ardhi waliyokalia.

Mwenye nyumba wa Ng'ambo kwa kawaida alimiliki nyumba bila ya kumiliki kiwanja. Kuta, paa la makuti na milango vilikuwa vyake, na aliweza kuviuza au kuvirithisha, ila chini palikuwa pa tajiri wa Kiarabu au wa Kihindi, au pa wakfu. Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu mwenye ardhi alitaka watu wa kumzunguka na kumpa heshima kuliko alivyotaka fedha zao. Utumwa ulipoondoka na mji ukakua, ardhi iligeuka bidhaa, na kodi ya kiwanja ikawa inadaiwa na kupandishwa. Mwaka 1928 wakaazi waligoma kuilipa, na katika mgomo huo mzalia wa Unguja, mtu wa bara na Mngazija walijikuta upande mmoja, wanawake wakiwamo, kwani wengi wao walikuwa wenye nyumba kwa haki yao wenyewe. Serikali ya kikoloni iliyozoea kuwahesabu watu kwa kabila haikutarajia muungano wa namna hiyo. Miaka 20 baadaye, katika mgomo mkubwa wa 1948 ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari, ni mitaa hiyohiyo iliyosimama.

Wanawake hao ndio pia walioacha kaniki na marekani, mavazi yaliyomtambulisha mtumwa, wakavaa kanga na baadaye buibui, hata haikuwa rahisi tena kumjua kwa nguo nani alikuwa nani. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia ya watumwa na kuhamia mjini mnamo 1911, aliimba taarab kwa Kiswahili wakati kumbi za wakubwa zilikuwa zikisikiliza Kiarabu. Mwaka 1928, mwaka uleule wa mgomo, alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Sidhani kama mtaa unaotoa sauti ya namna hiyo unaweza kuitwa kando ya historia.

SWALI: Wazee husema kuwa Darajani palikuwa na bahari. Mimi naona barabara na soko. Wanatania? (Msomaji, Mlandege)

JIBU: Hawatanii. Mkono wa bahari uliingia kutoka Funguni, ukapita Darajani na kuelekea Mnazi Mmoja, na wakati wa bamvua Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa. Mkono huo ulifukiwa kipande kwa kipande katika karne ya 20, na kazi ikamalizika miaka ya 1950. Bustani ya Jamhuri imo juu ya sehemu iliyofukiwa.

SWALI: Bibi yangu alikuwa na nyumba Michenzani ikavunjwa. Kwa nini ilivunjwa, na je, naweza kupata kumbukumbu yake? (Msomaji, Wete)

JIBU: Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 ardhi ilitangazwa kuwa ya Serikali, na ule mvutano wa mwenye nyumba na mwenye kiwanja ukaisha. Rais Karume, ambaye chama chake cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilikuwa na makao Kisiwandui, alitaka Ng'ambo yote iwe na nyumba za kisasa. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki yakajengwa kwanza majumba ya Kikwajuni, kisha yale marefu ya Michenzani, mengine yakifikia mita 300 kutoka ncha moja hadi nyingine, na nyumba nyingi za udongo zikaondolewa kuyapisha. Waliovunjiwa walipewa fleti. Wako walioshukuru kwa maji ya mfereji na umeme, na wako waliolalamika kuwa ghorofa ya tano haina baraza wala uwani. Naona wote wawili walisema kweli.

Kuhusu kumbukumbu, nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukaulize mafaili ya wakfu na ya mahakama ya wakati wa ukoloni. Chukua jina kamili la bibi pamoja na la baba yake na jina la mtaa, na ukiweza pia jina la aliyekuwa mwenye kiwanja, kwa sababu mara nyingi faili lilifunguliwa kwa jina la huyo.