Kwa nini seli shina hugandishwa polepole lakini huyeyushwa haraka?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi. Juzi tulimrudishia mgonjwa wa mayeloma (saratani ya uboho) seli shina zake, zile zinazotengeneza damu, zilizokuwa zimegandishwa. Fundi wa maabara alitukimbiza kwelikweli: mfuko ukiyeyuka tu, tundikeni! Lakini nasikia kuzigandisha kulichukua zaidi ya saa nzima. Haraka hiyo inatoka wapi? Na kwa nini chumba kizima kilinuka kitunguu saumu?

Jibu: Marahaba. Shida yote ni maji yaliyomo ndani ya seli. Yakiganda ghafla, barafu hutokea humohumo na kuchana utando wa seli. Ndiyo maana joto hushushwa kwa takriban nyuzi 1 kwa dakika, maji yapate muda wa kutoka. Huwa tumeshatia DMSO, kiowevu cha kulinda seli zinapoganda, kwa kawaida asilimia 10, inayopunguza barafu kwa maji yanayobaki. Mfuko hatimaye huwekwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, ambayo ina nyuzi 196 chini ya sifuri, au kwenye mvuke wake.

Kuyeyusha ni kinyume chake. Ukipasha polepole, chembe ndogo za barafu huungana njiani zikawa kubwa, na seli zilizosalimika kwenye kuganda zikafa hapo. Kwa hiyo mfuko huingizwa kwenye maji ya nyuzi 37, ukiwa ndani ya mfuko mwingine safi, maana plastiki iliyoganda hupasuka kwa urahisi na maji ya beseni si ya kuyaamini. Fundi huuminyaminya taratibu kwa vidole. Barafu ikibaki chengachenga tu, anautoa. Kuanzia hapo DMSO ileile iliyozilinda seli huanza kuzidhuru, kwa sababu sasa zina joto. Fundi wenu alikuwa sahihi kuwakimbiza.

Harufu haikutoka kwenye mfuko, ilitoka kwa mgonjwa. Mwili hugeuza sehemu ya DMSO kuwa dimethili salfaidi, naye huitoa kwa pumzi kwa siku moja au mbili. Mwambieni mapema, na mpeni pipi anyonye, kichefuchefu hupungua.

Tena kwa mayeloma mara nyingi si lazima kugandisha. Melfalani, dawa kali ya saratani anayopewa mgonjwa kabla ya kurudishiwa seli, hutoka mwilini upesi, kwa hiyo seli hazihitaji kungoja muda mrefu, nazo hustahimili jokofu la nyuzi 4 kwa siku mbili tatu. Pasipo na naitrojeni ya uhakika, mimi ningechagua jokofu, ila hutakuwa na akiba ya kupandikiza mara ya pili.