Jedwali la Vikapu Lisomwe Kutoka Upande wa Vichapo

Barua nyingi za safari hii kuhusu mpira wa kikapu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nani hasa yuko mbele ya nani. Tumeanza na hizo.

Ndugu Mhariri, tumebishana hapa kinyozi hadi wateja wakasahau kunyolewa. Kwenye msimamo wa NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, niliona timu yenye ushindi 30 na vichapo 20 iko chini ya timu yenye ushindi 28 na vichapo 16. Pembeni ya ile ya chini pameandikwa 1. Mbona aliyeshinda mara nyingi yuko chini, na hiyo 1 ni ya nini? – Shabiki, Umoja

NBA haina alama za ligi. Timu hupangwa kwa kiwango cha ushindi: chukua ushindi, gawanya kwa mechi zilizochezwa. 30 kwa 50 ni 0.600, na 28 kwa 44 ni 0.636. Basi.

Ile 1 inaonyesha timu iko nyuma ya kinara kwa mechi ngapi. Chukua ushindi wa kinara, toa ushindi wa anayemfuata: 28 toa 30, unabaki na hasi 2. Kisha chukua vichapo vya anayefuata, toa vya kinara: 20 toa 16 ni 4. Jumlisha hizo mbili unapata 2, gawanya kwa 2 unapata 1. Ukiona imeandikwa nusu, usishangae; maana yake timu hizo mbili hazijacheza idadi sawa ya mechi.

Sasa zichukue timu hizohizo uzilete kwenye mashindano yanayofuata kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, kama tunavyocheza huku kwetu. Ushindi una alama 2, kichapo alama 1. Yule mwenye ushindi 30 atakuwa na alama 80 na mwenye ushindi 28 atakuwa na 72. Ghafla aliyekuwa chini ameongoza kwa alama 8, na hajafanya lolote la ajabu ila kucheza mechi 6 zaidi. Hapo ndipo mabishano ya kinyozi huzaliwa, hasa katika ligi ambayo wikendi moja timu ina mechi mbili na wikendi nyingine haina hata moja.

Dawa ni kutazama safu ya vichapo kwanza. Mechi ambayo haijachezwa bado inaweza kuwa ushindi, lakini kichapo hakifutiki. Mwenye vichapo 16 akishinda zote zilizobaki, mwenye 20 hamfikii hata afanyeje. Ligi ikiisha na kila mtu amecheza idadi sawa ya mechi, njia zote mbili hutoa mpangilio uleule, isipokuwa kama kuna timu iliyonyang'anywa mechi kwa kutofika. Hilo tunalifikia hapa chini.

Kwa nini timu inayofungwa kwa pointi 9, zikiwa zimebaki sekunde 30, bado inaita taimauti? Si wakubali tu yaishe twende nyumbani? – Msomaji, South B

Katika mechi ya makundi, pointi 9 na pointi 5 ni vitu viwili tofauti kabisa. Timu zikilingana alama, FIBA hutazama kwanza matokeo ya mechi walizokutana wao kwa wao. Yakishindwa kuwatenganisha, hutazamwa tofauti ya pointi katika mechi hizo, kisha pointi walizofunga katika mechi hizohizo. Baada ya hapo tu ndipo mechi za kundi zima huingia kwenye hesabu. Kwa hiyo kumlima kibonde wa kundi kwa pointi 50 hakukusaidii sana kama vile wengi wanavyodhani.

Tuseme timu A imeifunga B kwa pointi 6, B imeifunga C kwa 10, na C imeifunga A kwa 3. Kila mmoja ana ushindi mmoja dhidi ya wenzake. A ana 6 toa 3, yaani +3. B ana 10 toa 6, yaani +4. C ana 3 toa 10, yaani hasi 7. Kundi linasomeka B, A, C. A alimshinda B uso kwa uso na bado yuko chini yake. Kikapu kimoja tu katika sekunde za mwisho za mechi ya A na B kingebadilisha mambo: A angeshinda kwa 8, awe na +5, na B angebaki na +2.

Kwa hiyo kocha anayefungwa kwa 9 anaita taimauti kwa sababu nzuri. Katika nusu ya pili ya mechi anazo tatu, ingawa ndani ya dakika 2 za mwisho za robo ya nne haruhusiwi kutumia zaidi ya mbili. Katika dakika hizo, baada ya taimauti timu iliyokuwa ianzie mpira upande wake wa nyuma, wenye kikapu inacholinda, inaweza kuchagua kuanzia upande wa mbele, ikiwa na sekunde zisizozidi 14 za kutupa. Ameepuka kuvuka uwanja mzima dhidi ya mabeki wanaombana. Sekunde 30 zinatosha kupata kikapu, kumfanyia mtu faulo, kusubiri akose mtupo huru, na kupata kikapu kingine.

Kocha wa timu ya mtaa hapa Kayole. Tulifika uwanjani dakika 20 baada ya saa ya mechi kwa sababu matatu yetu ilikwama Jogoo Road. Wachezaji wanne walikuwa wamekwishafika. Tukaambiwa tumefungwa 20–0 na hatuna alama hata moja. Hii ni haki?

Pole sana, Kocha, lakini refa alifuata kitabu. Timu inapewa dakika 15 baada ya saa iliyopangwa iwe na wachezaji watano walio tayari kucheza. Wanne hawatoshi. Matokeo huwa 20–0, na tofauti na kichapo cha kawaida, hupati hata ile alama 1. Kichapo cha uwanjani kina alama; kichapo cha barabarani hakina.

Uchungu wake hukaa hadi mwisho wa msimu. Timu mbili zikimaliza na ushindi sawa, ile iliyokosa kufika mara moja itakuwa nyuma kwa alama moja, na hapo hakuna tena mambo ya kutazama nani alimfunga nani.

Zingatia kwamba sharti la watano ni la kuanza tu. Mechi ikishaanza, mnaweza kubaki watatu au hata wawili kwa faulo na majeraha na mchezo ukaendelea. Mkibaki mmoja ndipo refa anaisimamisha. Wapinzani wakiwa mbele, matokeo hubaki yalivyo. Wasipokuwa mbele, wanapewa ushindi wa 2–0. Hata hivyo, hapo nyinyi mnapata alama yenu 1.

Makosa yanayozifanya timu za mtaa zinyang'anywe mechi ni yaleyale kila mara. Jezi zote ziko kwenye begi moja, na begi liko kwenye matatu iliyokwama. Kila mchezaji na alale na jezi yake, nyeupe na ya rangi ya giza, maana timu inayotajwa kwanza kwenye ratiba ndiyo huvaa ya rangi nyepesi. Kosa jingine ni orodha ya majina kubaki mfukoni mwa kocha. Kanuni inataka ifike mezani angalau dakika 40 kabla ya mechi, kisha dakika 10 kabla kocha aithibitishe kwa sahihi na kutaja watano wa kuanza. Mpe nakala nahodha. Na siku ya Jumamosi, wachezaji watano waende mapema kwa njia yao, wasingoje safari ya pamoja. Kuimba kwenye gari kunapendeza, lakini nyimbo mtaimba mkirudi.

Nalipia kifurushi ili nimwone nyota, nafungua runinga namkuta benchi na koti. Haumwi. Wachezaji wa siku hizi ni wavivu? – Shabiki, Lang'ata

Tazama ratiba kabla ya kumtukana. Timu ya NBA hucheza mechi 82, 41 nyumbani na 41 ugenini, kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Aprili. Ni kama siku 175. Kuna usiku ambapo timu inamaliza mechi mji mmoja, inaingia ndegeni, inafika hotelini alfajiri, na jioni ileile ina mechi nyingine mji mwingine. Misuli iliyochoka huchukua takriban saa 24 kujaza tena akiba yake ya nguvu, na hiyo ni kama mtu amekula na kulala vizuri. Uchovu utauona kwenye mitupo: mpira unagonga mdomo wa mbele wa ringi, kwa sababu miguu ndiyo inayousukuma.

Hata hivyo malalamiko yako yalisikika. Kuanzia msimu wa 2023–24, mchezaji asiyefikisha mechi 65 hawezi kushindania tuzo kubwa kama ya mchezaji bora wa msimu. Kuchungulia dakika mbili hakutoshi: mechi huhesabiwa akicheza angalau dakika 20, na ni mbili tu zinazoruhusiwa kuwa kati ya 15 na 20. Timu pia imekatazwa kupumzisha nyota wawili usiku mmoja.

Wakenya tuliuona mzigo wa ratiba kwa karibu mwaka 2025, Nairobi City Thunder ilipokuwa timu ya kwanza ya Kenya kufika BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika. Kundi lao lilichezwa Kigali kuanzia Mei 17 hadi 25: mechi 6 katika siku 9, huku mmoja wa wapinzani akiwa Al Ahli Tripoli ya Libya, waliotwaa ubingwa mwezi uliofuata huko Pretoria. Hakuna kuruka usiku kucha, lakini pia hakuna wiki ya kurekebisha kosa. Katika mechi 82, vichapo vinne mfululizo ni homa ya mafua. Katika mechi 6, vichapo vinne karibu vimemaliza safari.

Timu ya saba ilifungwa kwenye zile mechi za NBA za kugombea nafasi za mwisho za mchujo na bado ikaingia. Vipi?

Nafasi ya saba na ya nane hukutana. Mshindi anaingia kama wa saba. Ya tisa na ya kumi hukutana; anayefungwa anaenda nyumbani. Kisha aliyefungwa kwenye mechi ya kwanza anacheza na mshindi wa ile ya pili, na mshindi ndiye wa nane. Kwa hiyo wa saba na wa nane wana ruhusa ya kufungwa mara moja. Wa tisa na wa kumi hawana.

Mimi ni mwalimu wa michezo, Dagoretti. Wasichana wangu walifunga pointi 70 wiki iliyopita na 62 wiki hii, na mwalimu mkuu anasema wameshuka. Nina daftari la hesabu za mechi. Nianzie wapi?

Mwalimu, pointi peke yake hazisemi kitu mpaka ujue mlishambulia mara ngapi. Huhitaji kuhesabu mashambulizi moja moja. Chukua mitupo yote ya uwanjani, ongeza mitupo huru ukiizidisha kwa 0.44, toa ribaundi za upande wa kushambulia (mara mlizoudaka tena mpira baada ya mtupo wenu kukosa), ongeza mara mlizopoteza mpira. Ile 0.44 ipo kwa sababu si kila mitupo huru miwili humaliza shambulio. Kuna ule mmoja wa nyongeza baada ya kikapu, na kuna mitatu.

Tuseme mechi ya kwanza mlitupa mara 68, mitupo huru 20, ribaundi 11 za kushambulia, mkapoteza mpira mara 16. Hiyo ni 68 + 8.8 – 11 + 16, karibu 82. Pointi 70 kwa mashambulizi 82 ni kama 85 kwa kila 100. Mechi ya pili: mitupo 55, mitupo huru 14, ribaundi 6, kupoteza mpira 12. Inakuja 67, na pointi 62 humo ni kama 92 kwa kila 100. Wasichana wamepanda. Mechi ilikuwa ya polepole tu.

Daftari huharibika mahali patatu. Mchezaji akifanyiwa faulo akitupa na mpira usiingie, huo hauhesabiwi kuwa mtupo wa uwanjani. Wengi huuandika, kisha huandika na mitupo huru, shambulio moja likawa mawili. Mpira ukitoka nje na ukabaki wenu baada ya mtupo kukosa, uandike kama ribaundi ya timu, la sivyo mashambulizi yanafura. Na mwandishi mmoja asifuatilie timu zote mbili peke yake. Mmoja atazame na kutamka, mwingine aandike.

Kipimo cha kujua kama daftari ni safi: fanya hesabu ileile kwa wapinzani. Timu hupokezana mpira, kwa hiyo idadi zenu zinafaa kukaribiana. Zikiachana kwa zaidi ya 5, kuna mtu alikuwa anashangilia badala ya kuandika.

Mechi ya saa moja na nusu jioni kule New York inaonekana huku saa ngapi? – Mlinzi wa usiku, Industrial Area

Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi ni saa tisa na nusu usiku. Baada ya hapo Wamarekani husogeza saa zao mbele, na kwetu inakuwa saa nane na nusu. Ya saa hiyohiyo kule Los Angeles huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au kumi na moja na nusu wakishasogeza, kwa hiyo zamu yako inaweza kuisha kabla ya robo ya tatu. Angalia pia tarehe: mechi iliyoandikwa Ijumaa kwenye ratiba yao, wewe utaitazama alfajiri ya Jumamosi.