Kabla ya kupima mwanya, pima unyevu wa mbao

Sakafu ya kwanza ya mbao niliyoijenga nyuma ya nyumba niliiachia mianya ya milimita 5 kati ya ubao na ubao, sawasawa kila mahali. Miezi michache ya jua ikapita, na mianya ile ikawa imefika karibu sentimita 1. Sikuitilia maanani mpaka siku mama alipotoka kuota jua. Ncha ya mkongojo wake ilizama katikati ya mbao mbili ikanasa, naye akayumba. Nilimdaka mkono. Hakuanguka, lakini tangu siku hiyo sifungi skrubu hata moja kabla ya kujua mbao zangu zina maji kiasi gani.

Kipimo chenyewe hakikuwa na kosa. Milimita 5 zinafaa kabisa, ila kwa mbao kavu. Zangu zilikuwa zimetoka kutiwa dawa siku si nyingi, nzito kiasi kwamba ubao mmoja niliubeba kwa shida. Nilipokaza skrubu za mwanzo, maji yalichuruzika pembeni mwa kichwa cha skrubu. Niliyaona kwa macho yangu, nikaendelea na kazi.

Mbao ikikauka husinyaa kwa upana. Urefu wake karibu haubadiliki. Ubao wa msonobari wenye upana wa milimita 140, ukitoka kwenye ubichi hadi ukavu wa kawaida wa nje, unaweza kupungua milimita 5 hivi. Ukiziacha mbao mbichi na mwanya wa milimita 5, jumla yake baadaye ndiyo ile iliyomeza mkongojo wa mama. Kwa hiyo mbao mbichi mimi huzipanga zikigusana, mwanya utajifungua wenyewe zikikauka. Mbao kavu nazo huziachia milimita 3 hadi 5, maana zitakunywa maji ya mvua na kuvimba. Zikikosa pa kuvimbia husukumana mpaka baadhi zinyanyuke. (Mbao za kiwandani zilizochanganywa plastiki na unga wa mbao zina tabia nyingine, hurefuka kwa joto. Hizo fuata karatasi ya maelekezo iliyokuja nazo.)

Utajuaje kama ni mbichi au kavu? Kipima unyevu kipo na kinasaidia, lakini kama huna, fanya hivi. Kata kipande kifupi kwenye ubao mmojawapo, usikitoe mwishoni kabisa kwa sababu vichwa vya mbao hutangulia kukauka. Kiandike upana wake na uzito wake kwa mizani ya jikoni, kisha kiweke kivulini penye hewa. Kipime kila baada ya siku mbili tatu. Uzito ukiacha kushuka, pima upana tena. Kama kimepungua milimita 4, unajua kabisa mbao zako zitajifungua milimita 4. Kipande changu cha sakafu ya pili kilikaa wiki tatu, na sikujuta hata siku moja kati ya hizo.

Mwanya wenyewe una kazi mbili: kupitisha maji na kupitisha hewa. Ukiwa mwembamba mno, majani na vumbi hujazana ndani, hulowa, na ubao huanza kuoza pembeni bila wewe kuona. Ukiwa mpana mno, miguu ya viti, visigino na mikongojo huzama. Nyumba yenye mzee au mtoto anayetambaa, nakusihi usivuke milimita 5 baada ya mbao kukauka. Ukutani acha nafasi zaidi kidogo, milimita 6 hadi 10, ili maji yasilale kwenye ukuta wa nyumba.

Kupima mwanya hakuhitaji kifaa cha kununua. Msumari mnene wa milimita 4 unatosha. Pigilia michache kwenye vipande vidogo vya mbao ili isidondoke chini, uwe unaisogeza kila unapopiga hatua. Ubao uliopinda usiutupe: funga upande mmoja, halafu chomeka patasi pana kwenye boriti na kuuvuta ubao mpaka ubane misumari yako, ndipo ukaze skrubu. Ule uliopinda sana ukate vipande vifupi, utapata mahali pa kuutumia.

Kabla ya ubao wa kwanza kushuka, kaa chini na kalamu. Tuseme sakafu ina milimita 3,500 kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele, mbao ni za milimita 140 na mwanya ni 4. Kila ubao na mwanya wake ni 144. Mbao 24 zinakula 3,456, zinabaki 44. Utamaliza na kipande chembamba cha milimita 44 ukingoni, mahali ambapo watu hukanyaga zaidi, na kipande hicho kitapasuka kwenye skrubu. Badala yake, pasua ubao wa kwanza na wa mwisho viwe vya milimita 92 kila kimoja, katikati weka mbao nzima 23. Hesabu inatimia ileile 3,500, na macho yanapokea ncha mbili zinazofanana.

Kila baada ya safu tano, pima kutoka ukutani hadi kwenye ubao, kulia, kushoto na katikati. Ukikuta upande mmoja umetangulia milimita 6, usiurekebishe kwa safu moja. Punguza milimita 1 kwa kila safu kwa safu sita. Milimita 1 haionekani kwa jicho, lakini 6 kwa mkupuo zitakusumbua kila ukikaa kunywa chai.

Sasa kukata. Wengi hukata kila ubao kwa kipimo kabla ya kuufunga. Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza, na ukingo ukatoka kama meno ya msumeno. Acha vichwa vitokeze nje sentimita 5 au zaidi, funga mbao zote, kisha ukate ukingo mzima kwa mara moja. Vuta uzi wenye chaki kutoka kona moja ya ukingo huo hadi ya pili, uache sakafu izidi boriti ya nje kwa milimita 25 hadi 30. Mimi siuamini mkono wangu kufuata mstari wa chaki peke yake. Hupigilia ubao mnyoofu juu ya sakafu uwe reli, na msumeno wa umeme uteleze ukiegemea hapo. Weka kina cha msumeno kizidi unene wa ubao kwa milimita 5 tu, usije ukajeruhi boriti iliyo chini. Vaa miwani na barakoa, hasa kama mbao zina dawa. Vipande vinavyodondoka visiingie jikoni kuwa kuni, moshi wa mbao zenye dawa ni sumu.

Ulipokata ndipo ubao ulipo dhaifu. Dawa ya kiwandani mara nyingi haifiki kiini, na kichwa cha ubao hufyonza maji kama kifungu cha mirija. Ukigusa kwa kidole mahali palipokatwa siku ya mvua utausikia unyevu umeingia ndani hasa. Paka dawa ya mbao kwa brashi kila kichwa ulichokata, siku hiyohiyo, mara mbili.

Mbao mbili zikikutana kichwa kwa kichwa, zikutane juu ya boriti, na kama unaweza ongeza boriti ya pili pembeni yake ili kila kichwa kipate pa kulalia. Toboa kwanza kwa drili kabla ya skrubu. Viungo visipangane mstari mmoja.

Ile sakafu ya kwanza niliibomoa juu nikaipanga upya, mbao zikiwa zimekauka kabisa. Mianya 24 niliirudisha kutoka milimita 10 hadi 4. Milimita 6 mara 24 ni milimita 144, nafasi ya ubao mzima na mwanya wake. Niliuweka ubao huo mpya mbele kabisa, kando ya kiti cha mama, na bado unajulikana kwa rangi yake.