Mwalimu wa Sauti Anajibu: “Jumatatu sauti yangu imekauka”

SWALI: Mama mwalimu, jambo. Nina miaka 19, ninakaa Katuba, ninaimba soprano, sauti ya juu ya kike, katika korali ya parokia. Maestro ananiweka mbele kwa sababu sauti yangu inashinda kinanda na ngoma. Tangu nilipomwona Pretty Yende, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, kwenye simu sitaki kazi nyingine ila opera, michezo ya jukwaani inayoimbwa, na nimeanza kujifunza wimbo wa Malkia wa Usiku wa Mozart kwa kumfuatisha mwimbaji wa kwenye video. Ila nikiimba juu Jumapili, Jumatatu sauti imekauka, naongea kama mwanaume. Je, nimechelewa? Mtu wa hapa Lubumbashi anaanzia wapi? (Binti wa Katuba)

JIBU: Binti yangu, hilo la Jumatatu umelitaja kwa kupitia tu, na mimi nitaanza nalo. Sauti ikikauka kila baada ya kuimba, koo linabeba mzigo wa pumzi. Maestro wako anakupenda, sina shaka, lakini anakutumia kama kipaza sauti. Mfuate kabla ya mazoezi, mkiwa wawili, umwambie kwa heshima kwamba unaomba kurudi mstari wa pili kwa muda. Ukivuka wiki tatu bado sauti ni ya mikwaruzo, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, aangalie kama kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Vikigunduliwa mapema, mara nyingi mapumziko na mazoezi huvitosha.

Mwimbaji wa opera haimbi na mikro. Chini yake kuna orkesta ya watu sitini au zaidi, na bado anasikika mpaka kiti cha mwisho. Angetaka kuishinda kwa kelele asingemaliza hata kitendo cha kwanza. Nguvu nyingi za orkesta ziko kwenye sauti za chini. Sauti iliyofundishwa hukusanya mng'ao wake juu zaidi, karibu na hezi 3000 (mitetemo 3000 kwa sekunde), mahali ambapo vyombo vimepungua na sikio la mtu ni kali. Soprano akipanda sana, hufungua kinywa ili sauti ipate nafasi, ndiyo maana huko juu huelewi maneno hata kama Kifaransa unakijua. Usimlaumu.

Nyumbani fanya hivi. Jaza kikombe maji nusu, tia mrija ndani kina cha vidole viwili. Puliza huku ukitoa “uuu”, anza chini, panda taratibu bila kuruka, kisha ushuke. Macho yawe kwenye mapovu. Yakitoka sawasawa, pumzi inapita. Yakikatika ghafla, hapo ndipo unapobana, na kwa soprano wengi ni karibu na mi na fa ya juu, pale sauti inapobadilika. Usisukume. Rudi noti mbili chini, upapite tena polepole.

Malkia wa Usiku mwache kwanza. Mozart alimwandikia fa nyingine, oktava nzima juu ya hiyo niliyoitaja, ambayo sopranos wengi wenye kazi zao hawaiimbi kamwe, na hakuna anayewacheka. Tafuta kitabu cha mazoezi cha Nicola Vaccai, cha mwaka 1832; kinapatikana bure kwenye intaneti. Kinakuweka katikati ya sauti na kukufundisha kutamka Kiitaliano. Kitakuchosha akili kabla ya koo, na ndivyo ninavyotaka. Sambamba na hilo jifunze kusoma noti kwenye mistari mitano. Zile herufi za d, r, m tunazosomea korali ni nzuri, lakini jumba la opera halitakupa karatasi ya namna hiyo.

Kuchelewa? Yende alizaliwa 1985 huko Piet Retief, mji mdogo wa Afrika Kusini. Alikuwa na miaka 16 aliposikia kipande cha Lakmé, opera ya Delibes, katika tangazo la ndege kwenye televisheni. Hakujua hata ni kitu gani, ikabidi amuulize mwalimu. Akasomea Cape Town kwa Virginia Davids, akaenda Milan, akashinda Operalia, shindano la waimbaji wa opera, mwaka 2011. Januari 2013 aliitwa Metropolitan Opera ya New York kuchukua nafasi ya mwingine katika opera ya Le Comte Ory, akiwa na wiki moja hivi ya kujiandaa. Akajikwaa akaanguka hatua za kwanza jukwaani, akainuka, akaimba. Watu hupenda kusimulia ile wiki na ule mwanguko. Mimi ninahesabu miaka ya masomo iliyotangulia.

Kwa njia za karibu, Kinshasa kuna Institut National des Arts, na kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, yenye korali yake. Na umsikilize Serge Kakudji, kontratenori, yaani mwanaume anayeimba juu kama mwanamke, mwana wa Kongo hii yetu.

SWALI: Binti yangu anataka uimbaji, baba yake anataka asome sheria. Hii kazi inalisha? (Mama wa Kampemba)

JIBU: Mama, inalisha wachache, na kwa kuruka ruka. Ujerumani ina majumba ya opera ya umma karibu 80, na mengi huajiri waimbaji kwa mshahara wa mwezi. Kwingine analipwa kwa usiku aliopanda jukwaani: wiki za mazoezi mara nyingi hazina kitu, akiugua siku ya onyesho hapati, na wakala hukata kama asilimia 10. Aanze sheria, na ada ya mwalimu wa sauti itoke pamoja na ada ya chuo. Siku akikubaliwa konservatwari, yaani chuo cha muziki, baba asimfungie mlango.

SWALI: Mayai mabichi, tangawizi au lutuku (pombe kali ya kienyeji) kidogo: kipi kinasafisha sauti? (Tenori, Ruashi)

JIBU: Unachomeza hakigusi nyuzi za sauti, kingezigusa ungekohoa mpaka machozi. Kunywa maji siku nzima, hasa kiangazi, vumbi letu jekundu linapokausha koo, na uvute mvuke wa maji ya moto jioni. Tangawizi ni tamu, kunywa. Lutuku kwa sauti, hapana. Kwa mengine hukuniuliza.