Ukifika Waterfront ya Cape Town, anzia kwenye chelezo

Watu wa Kigoma wanaokwenda Cape Town kwa mkutano, masomo au biashara huniuliza wapite wapi wakipata siku ya mapumziko. Huwaambia waende V&A Waterfront, eneo la bandari kongwe ya mji huo, lakini kwa mpangilio wangu: kazi kwanza, sanaa ifuate, maduka yaje mwisho. Wengi hufanya kinyume. Wanashukia madukani, wanapiga picha kwenye gurudumu kubwa, wanakula samaki kwa bei ya kutisha, na jioni wanarudi hotelini bila kujua kwamba walikuwa bandarini.

Sisi tuliokulia karibu na bandari tuna jicho ambalo watalii wengine hawana. Tumeona mabehewa ya reli ya kati yakishushwa mizigo ya Bujumbura na Kalemie. Tunajua harufu ya mawese ikichanganyika na ya dizeli. Meli ikikaa kwenye matengenezo muda mrefu, mji mzima unaumia, kuanzia mchuuzi wa dagaa hadi mwenye nyumba ya wageni. Nenda na jicho hilo.

Asubuhi, kabla watu hawajajaa, tafuta chelezo cha Robinson, mahali pa kukarabatia meli. Kilifunguliwa mwaka 1882 na bado kinafanya kazi. Meli inaingizwa, mlango unafungwa, maji yanavutwa kwa pampu mpaka chombo kinabaki kimekalia magogo, tumbo lote wazi. Egemea kizuizi utazame chini. Nilipokuwa pale, fundi mmoja alikuwa anakwangua kutu karibu na usukani, mwingine anamfuata nyuma na brashi ya rangi nyekundu, na cheche za grenda zinaruka mita chache kutoka kwa watu wanaokunywa kahawa. Kwangu, hicho ndicho kinachoipa Waterfront uzito. Bandari haikuondolewa yote ili wasanii na wafanyabiashara waingie. Boti za uvuvi bado zinafunga gati humo humo.

Kisha ujiulize bandari hii ilijengwa kwa mikono ya nani. Mwaka 1860 Alfred, mtoto wa Malkia Victoria, akiwa na miaka 16, alimwaga mawe ya kwanza ya ukuta wa kuzuia mawimbi, na jina lake na la mama yake ndiyo hayo mpaka leo: V na A. Waliovunja mawe siku baada ya siku walikuwa wafungwa. Baadhi yao walikuwa Wasani (San), wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, wa jamii ya |Xam, waliotolewa kwenye nyika kavu za bara. Kuanzia mwaka 1870 watafiti wa lugha Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd walikaa na baadhi yao, wakaandika lugha na hadithi zao. Lugha yenyewe imekufa, daftari zimebaki. Jengo la jela ya Breakwater lipo jirani tu na sasa liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Lipitie, hata kwa nje.

Jina jingine la kwenda nalo kichwani ni la Clements Kadalie. Alizaliwa Nyasaland, Malawi ya leo, akafika Cape Town, na mwaka 1919 akaanzisha chama cha wafanyakazi kilichojulikana kama ICU. Desemba ya mwaka huo huo makuli wa bandari hii waligoma kwa maelfu wakidai ujira bora. Mtu wa kutoka upande wetu wa maziwa makuu alisimama kwenye gati zile na kuwasemea wenzake. Inaniuma kwamba ukitembea pale unakutana na majina ya wana wa mfalme kirahisi kuliko ya watu kama hao.

Baada ya hapo ndipo uingie Zeitz MOCAA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Afrika. Ukiifikia unaona kihenge kikubwa cha zege. Ujenzi wake ulianza mwaka 1921, kikaanza kazi 1924, na mnara wake una urefu wa mita 57. Mahindi na ngano vilifika kwa treni kutoka bara, vikapandishwa juu, vikamwagwa kwenye mapipa 42 ya zege, halafu vikateremshwa melini. Kazi ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, jengo likabaki tupu. Msanifu Mwingereza Thomas Heatherwick alipewa kazi ya kuligeuza, na alichofanya ni kuchukua umbo la punje ya mahindi, kulikuza, na kulichonga katikati ya mapipa yale. Makumbusho yalifunguliwa Septemba 2017.

Ukiingia usikimbilie picha za ukutani. Simama ukumbini, inua uso, uone mapipa yalivyokatwa na mwanga unavyoshuka ndani yake. Gusa zege kwenye kingo: kokoto zilizokatwa zinaonekana wazi, pamoja na unene wa ukuta uliobeba nafaka za nchi nzima. Ukishamaliza hapo, panda ghorofani. Tenga nusu siku. Uliza mlangoni kama kuna nafuu kwa raia wa nchi za Afrika, na uwe na pasipoti mkononi.

Sanaa za mikono zipo Watershed, ambayo zamani ilikuwa karakana ya umeme. Zungumza na wenye meza. Wengi watakueleza kitu kimetengenezwa wapi na nani, na hapo utajua kama bei ni ya haki. Chakula kula mjini, nje ya Waterfront. Beba koti hata wakati wa kiangazi chao, Desemba, maana upepo wa kusini-mashariki hauna huruma. Kama unataka kwenda kisiwa cha Robben, ambako Mandela alifungwa, kata tiketi mapema na usiweke safari hiyo siku ya mwisho. Bahari ikichafuka boti haziondoki.

Na kabla hujapanda ndege, pita pale stesheni ya Kigoma au Kibirizi, umtafute mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini au relini. Reli ilifika hapa mwaka 1914, lakini wazee waliofanya kazi miaka ya sitini na sabini bado tunao. Muulize walibeba nini, gunia lilipimwa na nani, walilipwa siku gani, nani aliumia. Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Kwa wale wa Cape Town wa mwaka 1919 hakuna tena wa kumuuliza.