Kabla ya kufunga rejeta kubwa, jua kwanza injini yako ina joto kiasi gani

Mkuu, umesema SUV yako ni dizeli yenye turbo, umri umekwenda, mshale wa joto unakaa katikati siku zote, halafu kwenye mlima mrefu unaruka ghafla kuelekea kwenye nyekundu. Fundi mmoja kakwambia utoe thamostati (kivalvu kinachoachia maji yaende kwenye rejeta yakishapata moto), mwingine anataka ufunge rejeta nene. Gari langu ni la rika hilohilo, dizeli yenye silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) ya alumini, na njia hiyo nimeipita, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Tuanze na huo mshale. Haujaharibika, ila haukwambii kila kitu. Magari mengi yametengenezewa geji inayotulia katikati hata joto likibadilika sana, ili dereva asishtuke kila linapopanda nyuzi mbili tatu. Maji yakiwa nyuzi 80 mshale uko katikati, yakikaribia 100 bado uko palepale. Ukianza kunyanyuka ujue mambo yameshaharibika. Joto lako halikuruka, lilikuwa linapanda taratibu tangu mwanzo wa mlima, ila hukuonyeshwa.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kununua ni geji yenye namba. Kama gari lina soketi ya OBD2, yaani ile ya kusomea kompyuta ya gari, inayosomeka, kifaa kidogo cha Bluetooth na programu ya simu vinatosha kuanzia. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996 yanayo, na Ulaya ililazimishwa kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika hazina habari hizo kabisa, na baadhi ya magari yana soketi ya umbo hilo lakini kompyuta yake inaongea lugha yake yenyewe. Hapo funga geji ya pembeni yenye sensa yake. Binafsi naipendelea hii hata kwenye gari lenye OBD2, kwa sababu simu ikilala au ukipigiwa, ulinzi wako umekwenda nayo.

Sensa unaifunga wapi? Wengi wanakata mpira wa juu wa rejeta na kuchomeka adapta. Ni rahisi, lakini kama thamostati yako iko upande wa maji yanapotokea kwenye injini, mpira huo unabaki wa baridi hadi thamostati ifunguke. Ikigoma kufunguka, injini inaungua na geji inakuonyesha ubaridi. Sensa nzuri ya maji ni ile iliyo kwenye hedi, kabla ya thamostati. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: sensa ya maji inahitaji maji. Mpira ukipasuka na maji yakamwagika yote, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na namba inaweza hata kushuka huku hedi ikipinda. Kwa hiyo mimi nimeongeza sensa ya pete, ile inayofungwa chini ya bolti kwenye chuma cha hedi, ikiwa na kengele. Hiyo inapima chuma chenyewe, maji yawepo yasiwepo. Sensa ya kiwango cha maji kwenye rejeta nayo ni nzuri, inakupigia kelele kabla joto halijaanza kupanda.

Baada ya kufunga usikimbilie kubadilisha chochote. Endesha kwanza, ulizoee gari lako. Langu tambarare linacheza 84 hadi 88, mlimani na mzigo linafika 96 au 97, na likivuka kilele linarudi chini ya 90 baada ya muda mfupi. Kurudi huko ndiko ninakokutazama zaidi kuliko kupanda. Kengele nimeiweka 104.

Namba hizo ndizo zitakazokwambia pa kushika. Joto likipanda kwenye foleni au AC ikiwaka gari limesimama, halafu likishuka ukishika mwendo, tatizo liko kwenye hewa: feni, klachi ya feni (inayoishikisha feni kwenye injini joto likipanda), au kava lake la plastiki limevunjika au halipo. Likipanda kwenye mwendo mkubwa ambapo hewa ni ya kutosha, shuku mzunguko wa maji: rejeta imeziba ndani, thamostati haifunguki yote, au mapangaboi ya pampu yameliwa na kutu. Mpira wa juu ukiwa mgumu kwa presha dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, au mapovu hayaishi kwenye rejeta, acha kununua vifaa. Pima kwanza kama gesi ya silinda inavuja kuingia kwenye maji. Kuna kipimo chenye dawa ya buluu inayogeuka kijani au njano ikikutana na gesi hiyo.

Kwa dalili zako, za mlimani ambako mwendo hupungua, mimi ningeanza na klachi ya feni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono: inatakiwa iwe na ukinzani. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi la dirishani, mafuta ya silikoni ndani yake yamekwisha au yamechoka. Na ukiwa mlimani joto limepanda, unatakiwa uisikie feni ikinguruma. Kimya pale maana yake imelala. Baadhi ya klachi zinafunguka na kuongezwa mafuta ya silikoni mazito, nyingine unabadilisha tu.

Kisha safisha. Toa rejeta nje kabisa, kwa sababu tope na wadudu hukaa kati yake na kondensa ya AC (ile rejeta ndogo ya AC iliyo mbele yake), mahali ambapo bomba la maji halifiki. Piga maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, mapezi yasilale. Kifuniko cha rejeta badilisha bila kujiuliza mara mbili. Presha yake ndiyo inayozuia maji kuchemka: maji matupu kwenye presha ya bar 1 juu ya hewa ya kawaida huchemka karibu nyuzi 120, si 100. Springi ikichoka, ulinzi huo umepotea.

Thamostati usitoe. Kwenye injini nyingi, ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji moto haipoi kamwe. Ndiyo maana wengine wanaitoa na gari linazidi kuchemsha. Weka mpya yenye ubora, nyuzi zilezile za kiwandani, na kama ina kivalvu kidogo cha kutolea hewa, kikae juu.

Rejeta nene? Labda, baadaye. Ya kiwandani ikiwa safi ilitosha gari likiwa jipya. Kila safu ya mirija unayoongeza nyuma inapokea hewa iliyokwisha kupashwa na safu za mbele, na feni inapata kazi zaidi kuivuta, kwa hiyo faida si kubwa kama unene unavyoonekana. Kama yako ina tenki za plastiki zilizogeuka rangi ya udongo, badilisha, kwa sababu zitapasuka, lakini usitegemee muujiza wa nyuzi. Kwa gari la otomatiki linalovuta trela, pesa hiyo ningeipeleka kwenye kipozeo cha pembeni cha mafuta ya gia boksi. Kwenye mlima gia boksi inamwaga joto lake ndani ya rejeta hiyohiyo, na ukilitoa humo injini inapumua.

Kulanti, yaani dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta, tumia aina moja, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, usichanganye za aina tofauti kwa kuangalia rangi. Ukijaza, nyanyua pua ya gari na ufungue hita, hewa itoke.

Na kengele ikilia mlimani: zima AC, fungua hita yote, punguza gia na mguu. Kama maji bado yapo, simama pa salama uiache injini iungurume bila mzigo, feni na pampu ziendelee kufanya kazi, hadi namba ishuke. Kama maji yamemwagika, zima hapohapo. Kifuniko usikiguse mpaka mpira wa juu uwe laini ukiuminya.